Kikomo cha kilomita 80 kwa mabasi ya mikoani: kipandishwe, au tuanze na mafunzo ya madereva?

Mpanda Basi (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Ninasafiri mara kwa mara kwa basi kati ya Dar es Salaam na Mbeya, na kila safari ninarudi na swali lile lile. Sheria inalitaka basi lisizidi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi na 50 ndani ya makazi, na mfumo wa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wa kufuatilia magari, maarufu kama VTS, unaliandama basi tangu linapotoka stendi hadi linapofika. Wakati huohuo gari dogo linatupita likiwa kwenye 130 au 140 na hakuna anayeliona, isipokuwa likutane na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo.

Kwa mtazamo wangu, kikomo hiki kimetoka enzi za mabasi yaliyochongwa bodi juu ya chasisi ya lori. Siku hizi tunapanda mabasi yenye injini nyuma, mifuko ya upepo mahali pa springi za vyuma, breki za ABS zisizogandisha magurudumu, na ritada ya kusaidia breki kupunguza mwendo. Napendekeza basi la namna hiyo liruhusiwe 100 kwenye maeneo yasiyo na makazi. Safari ya Mbeya ni kama kilomita 830, kwa hiyo abiria angeokoa zaidi ya saa mbili. Sharti langu ni kwamba dereva wa basi hilo apewe mafunzo ya ziada na mtihani wake, asiruhusiwe kwa leseni ya daraja C pekee. Karibuni mnikosoe.

Kibao cha Hamsini (#2)

Mkuu, umeandika haya ukiwa ndani ya basi au umekwisha kufika? Nauliza kwa sababu watu wa siti za nyuma ndio huwa na haraka kuliko dereva.

Suka Mstaafu (#3)

Niliendesha malori ya kwenda Lubumbashi, kisha mabasi ya mikoani hadi nilipopumzika, kwa hiyo naomba nafasi kidogo. Mtoa mada amegusa jambo la kweli, ila amelishika upande usio wake. Kwenye barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, kinachoua zaidi ni ule muda ambao basi linakaa upande wa wanaokuja.

Chukueni lori lenye tela linalokwenda 75 na basi linalolazimika kubaki kwenye 80. Tofauti yao ni kilomita 5 kwa saa, ambayo ni chini ya mita moja na nusu kwa sekunde. Kuanzia unapochomoka nyuma ya tela hadi unaporudi mbele ya kichwa chake kwa usalama unatakiwa ulizidi kwa mita 90 hivi, ukijumlisha urefu wa lori, urefu wa basi na nafasi ya mbele na nyuma. Hiyo ni zaidi ya dakika moja, na katika dakika hiyo basi limekula karibu kilomita moja na nusu likiwa upande usio wake. Dereva mwenye akili hafanyi hivyo. Ama anabaki nyuma ya lori hadi Mikumi huku abiria wakimzomea, ama anakanyaga mafuta, king'ora cha VTS kinalia, analipita kwa 100 na kurudi kwenye 80 akisubiri tajiri mwenye basi apigiwe simu. Madereva wengi wa mabasi mnaowaona wakihangaika pale Doma wamo katika uchaguzi huo, na wala hawajalewa wala kukosa mafunzo.

Wakili wa Kona (#4)

Naomba kuweka sheria mezani kabla hatujakwenda mbali. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inaweka 50 ndani ya makazi kwa magari yote, na 80 nje ya makazi kwa magari ya biashara na magari mazito yanayozidi kilo 3,500. Gari dogo la binafsi halikupangiwa kikomo cha jumla nje ya makazi. Linabanwa na vibao vilivyopo mahali husika pamoja na kosa la kuendesha kwa hatari. Ndiyo maana mtoa mada akiliona likienda 140 kwenye mbuga ya Mikese anadhani trafiki amelala, kumbe trafiki huyo angehangaika kulifikisha mahakamani kwa kosa la mwendo peke yake.

Kwa hiyo mjadala wa kupandisha umeanza na watu wenye dari, ilhali jirani zao hawana dari kabisa. Mimi ningeanza kwa kuwawekea hao, 100 au 110, ndipo tuzungumze habari za mabasi.

Jirani wa Nakuru (#5)

Hamjambo majirani. Huku kwetu Kenya dari hiyo ipo: gari dogo ni 100 kwenye barabara kuu ya kawaida na 110 kwenye barabara yenye njia mbili kila upande, huku magari ya abiria na ya mizigo yakibaki kwenye 80. Mwaka 2004 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alilazimisha vidhibiti mwendo na mikanda kwenye matatu zote, na kwa muda mfupi nchi nzima ilitulia. Kisha mafundi wakajifunza kuvichezea vidhibiti hivyo. Ninyi mna kifaa kinachopeleka taarifa ofisini wakati gari liko njiani. Sisi kwa miaka mingi tulikuwa na kisanduku ambacho fundi alikifungua kwa bisibisi, na kikikaguliwa kinaonekana kizima.

Ila ninataka kuwapeleka Salgaa. Kipande cha kutoka Sachangwan kushuka Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kilimaliza watu kwa miaka, na Desemba 31, 2017 basi na lori viligongana hapo karibu na kuua watu zaidi ya 30. Kila mtu alilaumu mwendo. Lakini wenyeji walijua kwamba malori yalishuka mteremko ule gia ikiwa huru ili kuokoa dizeli, na kwamba hapakuwa na kitu chochote cha kumzuia anayeshuka asimvamie anayepanda. Baadaye barabara iligawanywa kwa kizuizi katikati. Namba ya kwenye kibao haikubadilishwa ili kupata nafuu hiyo.

Suka Mstaafu (#6)

Jirani umesema kweli tupu. Hata mlima wetu wa Kitonga ni hivyo hivyo. Kanuni tuliyofundishwa na wazee ni kwamba mlima unaushuka kwa gia ile uliyopandia, na lori linaloshuka Kitonga kwa gia huru halina dereva, lina abiria aliyeshika usukani.

Mwalimu wa Hesabu (#7)

Asante mtoa mada, lakini zile saa mbili zako naomba tuzihakiki. Umegawa 830 kwa 80 ukapata saa 10 na dakika 22, ukagawa kwa 100 ukapata saa 8 na dakika 18. Hesabu ni sahihi, ila barabara hiyo haipo. Tukadirie kwamba katika kila kilomita 100 kuna kilomita 30 zilizo ndani ya vibao vya 50. Hizo zinakula dakika 36 na haziguswi na pendekezo lako. Kilomita 70 zinazobaki zinachukua dakika 52 na nusu kwa mwendo wa 80, na dakika 42 kwa mwendo wa 100. Kwa hiyo unaokoa dakika 10 na nusu kwa kila kilomita 100, na hadi Mbeya ni kama saa moja na nusu kasoro dakika chache, iwapo hukukuta foleni ya malori, hukusimama mizani ya Vigwaza wala ya Mikese, na hukubaki nyuma ya tela la Mzee Suka.

Gharama yake nayo ina hesabu. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 80 hadi 100 inaongezeka zaidi ya nusu, mara 1.56. Shirika la Afya Duniani linatumia kanuni kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo inapanda kwa karibu asilimia 4. Sitaki kusema 100 haiwezekani. Nataka tu tujue tunanunua dakika ngapi na kwa bei gani.

Mpanda Basi (#8)

Mwalimu, asante kwa hesabu. Saa moja na nusu bado ni muda mrefu kwa mtu anayefika Mbeya usiku na kutafuta usafiri wa kwenda Kyela. Na naomba uiweke pia hesabu ya Mzee Suka kwenye mizani yako: kwa lori linalokwenda 60, basi la 80 linahitaji sekunde 16 kulizidi kwa mita hizo 90, na basi la 100 linahitaji sekunde 8. Kama kuna gari linakuja kwa 120, la kwanza linahitaji barabara nyeupe ya mita 900, la pili mita 500 hivi. Je, hapo 100 haijawa salama zaidi?

Mwalimu wa Hesabu (#9)

Kwa kupita huko kumoja, ndiyo. Lakini basi la 80 lingepita malori machache. Basi la 100 litayakuta malori mengi zaidi na litataka kuyapita yote. Sekunde zinapungua kwa kila lori, malori yanaongezeka. Jumla yake inategemea malori mangapi yapo barabarani siku hiyo, na kwenye barabara ya Tunduma jibu lake sote tunalijua.

Mama Vitunguu (#10)

Salaam. Mimi ninauza vitunguu Ruaha Mbuyuni, hatua chache kutoka kwenye lami, na ninasoma mjadala huu nikiona kwamba kila aliyechangia yumo ndani ya gari. Ninyi mnagawa barabara katika sehemu mbili, makazi na nje ya makazi, kana kwamba kuna ukuta. Kibao cha 50 kimesimama pale kijiji kilipokuwa kinaishia zamani. Nyumba zimekwisha kukivuka, na shule imekivuka, na watoto wanavuka barabara mahali ambapo kwa kitabu cha Wakili ni mbuga.

Tena dereva hapunguzi anapokifikia kibao. Anapunguza akiona sare nyeupe. Asubuhi trafiki akiwa chini ya mti wa mkwaju, mabasi yanapita taratibu hadi tunahesabu abiria. Trafiki akiondoka kwenda kunywa chai, sufuria zinatikisika. Mkiandika 100 kwenye kibao cha nje, dereva atakiingia kijiji akiwa na 100 mguuni, na huo mwendo hauishi kwa kusoma kibao. Tuwekeeni kwanza matuta, kivuko na taa, halafu mwendelee na mjadala wenu.

Kibao cha Hamsini (#11)

Dada, madereva wanawashiana taa kilomita nzima kabla ya mkwaju huo, kwa hiyo hata huo utaratibu wa asubuhi ni wa kuigiza. Ila nimecheka hapo kwenye chai.

Fundi Upepo (#12)

Ninakarabati mifumo ya breki za malori na mabasi, na naona mtoa mada ameyapamba mabasi mapya kupita kiasi. Mabasi yenye ABS na ritada yapo, na ni mazuri. Lakini ABS yenye sensa iliyokatika waya ni taa ya njano kwenye dashibodi, na fundi wa kwanza dereva anayemtafuta ni yule atakayeizima taa hiyo. Nimefungua magurudumu ya basi linalong'aa nikakuta upande mmoja lainingi zimebaki kama ukucha, upande wa pili zina mafuta ya hafu shafti. Basi la namna hiyo likipigwa breki kwa 80 linavutwa upande mmoja. Kwa 100 sijui litamwachia dereva nini cha kufanya.

Kisha kuna matairi. Tairi la gari zito lina herufi inayoonyesha mwendo wake wa juu: J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120, M ni 130. Kaangalieni stendi, mtakuta L na M kwa mbele, na kwa nyuma mtakuta mchanganyiko, pamoja na tairi lililobandikwa uso mpya. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2316 maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Abiria mwenye haraka ya kufika Mbeya angejisaidia zaidi akichuchumaa kusoma tarakimu hizo.

Na jambo la mwisho ambalo wenye mabasi wanalijua kuliko sisi: ukipandisha kutoka 80 hadi 100, upinzani wa hewa nao unapanda mara 1.56 kama alivyosema Mwalimu kuhusu mgongano. Dizeli haitabaki ile ile. Nauli inapangwa na LATRA. Sijui kwa nini mnadhani matajiri wataishangilia hoja hii.

IT wa Zamani (#13)

Fundi amesema kuhusu mabasi, mimi niseme kuhusu magari ya IT ambayo hayajatajwa. Kwa wasiojua, ni yale magari madogo yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi Tunduma yakielekea Zambia na Congo. Nilifanya kazi hiyo nikiwa kijana. Tulilipwa kwa gari lililofika, hatukulipwa kwa siku, kwa hiyo anayefika mapema anarudi mapema kuchukua jingine. Gari lenyewe hulijui: limekaa melini, matairi yamekaa na upepo mdogo, breki hujazijaribu, na bado unatoka Chalinze kwenye 140. Leseni nilikuwa nayo, tena halali, na mafunzo nilipata. Mafunzo yangenisaidia nini wakati malipo yenyewe yananiambia nikimbie?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo ni elimu. Dereva wa Tanzania anajua. Muulizeni chochote mtihanini atajibu.

Mkufunzi (#14)

Ndugu IT, hapo nakupinga, na nina sababu ya kupinga kwa kuwa nimefundisha udereva kwa muda mrefu. Anajua nini? Mwanafunzi wa kawaida anayetaka daraja D, leseni ya gari dogo, anafundishwa kuondoka bila gari kuzimika, kubadili gia, kupaki kwa kurudi nyuma kati ya nguzo, alama za barabarani, na kupanda kilima akiwa na hendibreki. Yote hayo yanafanyika mjini na kwenye viwanja, na gari halijawahi kuvuka 50. Siku anayovuka 100 kwa mara ya kwanza yuko peke yake, pengine na familia ndani, na hana mtu wa kumwambia kwamba kwa mwendo huo gari linatembea mita 28 kila sekunde, na kwamba akishtuka kwa sekunde moja na nusu amekwisha kupita mita 40 kabla mguu haujagusa breki.

Kupita gari jingine hatufundishi. Usiku hatufundishi. Namna ya kurudi barabarani tairi likishaingia kwenye kokoto za pembeni hatufundishi, na hilo nalihesabu kuwa ndilo linalopindua magari madogo mengi: dereva anashtuka, anakata usukani kwa nguvu, tairi linashika ukingo wa lami na gari linavuka upande wa pili. Madereva wa abiria wana afadhali, kwa kuwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo na vyuo vya ufundi vya VETA wana kozi zao, na LATRA nayo ina mtihani wa kuwathibitisha. Lakini nusu ya hatari ya basi inatoka kwa yule mwenye daraja D anayekuja mbele yake.

Kipanga wa Hamburg (#15)

Habari zenu. Niko Ujerumani, na najua mtaniuliza kuhusu barabara zisizo na kikomo, kwa hiyo nianze na hapo. Ni kweli kwamba Autobahn haina kikomo cha jumla kwa magari madogo, ina mwendo unaopendekezwa wa 130 tu. Lakini hiyo ni barabara iliyogawanywa katikati, haina baiskeli, haina mbuzi na haina njia panda. Barabara ya kawaida ya kijijini, ile inayofanana na ya kwetu, ina kikomo cha 100 kwa gari dogo. Na basi? Basi ni 80 huko. Likiingia Autobahn linaweza kuruhusiwa 100, ikiwa limethibitishwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo pendekezo la mtoa mada ni kuliruhusu basi, kwenye barabara isiyogawanywa, mwendo ambao Mjerumani analiruhusu kwenye Autobahn pekee.

Kuhusu mafunzo, namuunga mkono Mkufunzi. Kwa leseni ya gari dogo hapa, pamoja na masomo ya kawaida, ni lazima ufanye vipindi 12 maalumu na mwalimu: 5 nje ya mji, 4 kwenye Autobahn na 3 gizani. Dereva wa basi anarudi darasani kwa saa 35 kila baada ya miaka 5. Pia haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na kifaa kilichomo ndani ya gari kinaandika kila dakika.

Kibao cha Hamsini (#16)

Kipanga, na leseni hiyo inagharimu kiasi gani? Maana nasikia mtu anauza gari ili apate leseni.

Kipanga wa Hamburg (#17)

Ni maelfu ya euro, Kibao. Wengi huanza kuweka akiba wakiwa bado shuleni. Sijasema ni rahisi.

Mhandisi wa Tuta (#18)

Nimekuwa msomaji tu hadi sasa. Ninaona mnagombana kuhusu dereva na gari, na barabara yenyewe imekaa kimya. Kila barabara husanifiwa kwa mwendo fulani, na mwendo huo ndio unaoamua ukali wa kona, urefu wa mteremko na umbali ambao dereva anaweza kuona mbele. Huwezi kubadilisha namba ya kibao bila kurudi kwenye michoro, kwa sababu kuna vilele vya vilima ambapo mtu wa 80 anaona umbali unaotosha kusimama na mtu wa 100 haoni. Zipo sehemu zinazoimudu 100, hasa tambarare. Zipo ambazo hata 80 ni nyingi, kama Sekenke na Kitonga.

Tena kuna matunzo. Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, lori na basi vilikutana mahali penye mashimo barabarani, kontena likaliangukia basi, na watu zaidi ya 40 wakafariki. Mnaweza kusema mwendo ulichangia, na mnaweza kusema kontena halikufungwa sawasawa. Lakini shimo lilikuwepo kabla ya wote wawili. Njia nzuri kuliko 100 ni njia ya tatu kwenye milima, ili lori la tani 56 lipande taratibu upande wake na basi lilipite bila kuingia kwa wanaokuja. Hapo hesabu ya Mzee Suka inakwisha bila kugusa sheria.

Na wanaodhani nchi nyingine zinapandisha tu, Ufaransa mwaka 2018 ilishusha barabara zake za njia mbili zisizogawanywa kutoka 90 hadi 80. Kelele zilikuwa nyingi, na baadaye mikoa kadhaa ikarudisha 90.

Wakili wa Kona (#19)

Mhandisi, njia ya tatu ni fedha. Kubadili kanuni ni karatasi. Ndiyo maana tunazungumza habari za karatasi.

Mama Vitunguu (#20)

Hata matuta niliyoomba si fedha nyingi, Wakili.

Abiria wa Usiku (#21)

Nimeona hakuna aliyegusa usiku. Kwa karibu miaka 30 mabasi yalizuiwa kusafiri usiku kucha, kisha mwaka 2023 Serikali ikaruhusu tena. Zuio lile ndilo lililozaa mbio za mchana, kwa sababu basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza au Bukoba lilipaswa kukimbizana na saa ili lisilale njiani. Sasa mbio hizo hazina sababu tena. Kama nataka kufika mapema ninapanda la jioni, ninalala, ninafika asubuhi. Na mwenye haraka ya kwenda Morogoro au Dodoma apande treni ya SGR, inakwenda 160 na hakuna tela la kulipita. Kwa nini basi tuongeze mwendo wakati tumeshaongezewa saa?

Suka Mstaafu (#22)

Mwanangu, usiku una deni lake. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri macho yanakuwa wazi na kichwa kimelala. Kanuni inataka madereva wawili kwa safari ndefu, na kile kitufe cha kumtambulisha dereva kwenye VTS kinasaidia kujua nani ameshika usukani. Lakini dereva wa pili analala wapi? Kwenye mabasi mengi analala siti ya nyuma ya dereva, redio ikiwa wazi na utingo akizungumza na abiria. Huyo anakuja kupokea usukani akiwa amechoka kama aliyemwachia. Kipanga ametaja dakika 45 za kupumzika. Sisi mapumziko ni yale ya abiria kula, na dereva anakula akiwa amesimama huku akikagua matairi.

IT wa Zamani (#23)

Hapo ndipo ninaposema malipo na ratiba. Mkufunzi, huyo dereva wa pili ana upungufu gani wa elimu?

Mkufunzi (#24)

Ana upungufu wa kukataa, ndugu yangu. Dereva aliyefundishwa vizuri na mwenye cheti kinachoheshimiwa anaweza kumwambia tajiri kwamba haondoki, na akapata kazi kwingine kesho yake. Aliyeokoteza udereva kwa kuosha basi stendi hana ujasiri huo.

Suka Mstaafu (#25)

Mkufunzi, nimewaona wenye vyeti vizuri wakiondoka na basi lenye hitilafu kwa sababu watoto wanadaiwa ada. Usimpe cheti kazi ya mkataba.

Mpanda Basi (#26)

Wakuu, nimewasoma wote, na hoja yangu naipunguza bila kuiacha. Nasema hivi: 100 kwa mabasi iwe kwenye vipande vichache tu ambavyo wahandisi wamevipima, vyenye kibao cha kuanza na cha kumaliza, vilivyo mbali na makazi kwa kweli, na VTS ijue mipaka yake ili ilie mara basi linapotoka nje ya kipande. Basi liwe limekaguliwa matairi na breki kwa ajili hiyo, na dereva awe amepita mafunzo ya barabara kuu na usiku kama alivyoeleza Kipanga. Na gari dogo lipewe dari yake kama Wakili alivyosema, ili tofauti ya mwendo isiwe 60.

Fundi Upepo (#27)

Ukaguzi wa matairi na breki utafanywa na nani? Ukisema yule yule anayebandika stika ya usalama kwenye kioo, mimi sipo.

Jirani wa Nakuru (#28)

Swali langu ni kuhusu mafunzo hayo. Gharama atabeba dereva, mwenye basi au Serikali? Huku kwetu kila mara tunapoongeza kozi, anayeilipia ni dereva mwenyewe, na kozi inageuka kuwa risiti ya kuonyesha trafiki.

Mkufunzi (#29)

Alipe mwenye basi. Dereva aliyefundishwa kutumia ritada na gia anapunguza dizeli na lainingi, kwa hiyo fedha hiyo inarudi.

Suka Mstaafu (#30)

Akilipa mwenye basi, atamfunga dereva kwa makubaliano ya miaka mitatu na kuishika leseni yake kabatini. Nimekwisha kuona hivyo kwa fedha ndogo kuliko hiyo ya kozi. Kama mnataka mafunzo yawe na maana, yatolewe kutoka kwenye faini. Shilingi 30,000 kwa kila kosa, na barabara ndefu namna hii, mfuko ungekuwapo.

Wakili wa Kona (#31)

Faini huingia kwenye mfuko mkuu wa Serikali, Mzee. Ukiifunga na mafunzo, utawapa trafiki sababu ya kuongeza tochi badala ya kupunguza ajali.

Mama Vitunguu (#32)

Ziongezwe tu. Moja muweke huku mwisho wa kijiji, upande wa shule, ambako mkwaju hakuna.